Faini za Jumatatu na Alhamisi

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu Kalamu,

Salamu nyingi. Bahasha hii usiishike kwa mkono mmoja, ina karatasi za mwaka mzima. Karani aliyekuwa akiniandikia hesabu amehama na mume wake, na wewe ulishasema huwezi kulala usingizi ukijua hesabu za kaka yako zimeshikwa na mtu baki. Haya, shika.

Usipige simu. Sikio la kulia limeliwa na mashine za lifti, na la kushoto linajikongoja. Wiki iliyopita mteja kanipigia kuniambia lifti yake "inalia", mimi nikasikia "inalala", nikamjibu ailaze tu nitakuja kesho. Niandikie. Barua haina kelele.

Utaona risiti za mafuta, za nyaya, za grisi na za viatu vya kazi. Chini kabisa, zimefungwa na mpira, kuna karatasi za njano thelathini na moja. Hizo ni faini za maegesho. Nilizilipa chache, nyingi bado. Usishtuke. Fundi wa lifti hawezi kuegesha gari mtaa wa tatu halafu abebe mota begani kama mzigo wa kuni. Gari ni la kazi, kazi ndiyo iliyonipeleka pale, kwa hiyo na faini ni ya kazi. Ziweke kwenye gharama pamoja na mafuta. Karani alikuwa anaziweka.

Wifi yako anakusalimu. Anasema umekonda kwenye picha.

Kaka yako,
Fundi


Jumatano, 12 Machi

Shikamoo kaka,

Bahasha imefika, na ofisi yangu nzima sasa inanukia grisi. Bosi wangu kauliza kama nimenunua pikipiki.

Jibu ni hapana.

Nakueleza kwa nini, ili usidhani ni roho mbaya. Ada ya maegesho, yaani pesa unayolipa upate nafasi ya kuacha gari wakati unafanya kazi, naiweka bila wasiwasi. Hiyo ni gharama ya biashara kama nati na nyaya. Faini ni kitu kingine. Faini ni adhabu ya kuvunja sheria, hata kama uliivunja ukiwa kazini, hata kama gari lina jina la kampuni ubavuni. Nikiiweka kwenye gharama kodi yako inapungua, maana yake walipa kodi wenzako wanakuchangia kulipa adhabu yako. Sheria ya kodi haikubali, na mimi siwezi kusaini.

Kuna jingine, na hili litakuuma zaidi. Nimeangalia ritani yako ya kodi ya mwaka jana. Karani wako aliziingiza faini nane chini ya "mafuta ya gari". Naandaa ritani ya marekebisho. Utalipa kidogo juu ya ulicholipa. Nuna ukitaka, lakini saini pale nilipoweka alama ya msalaba.

Kaka, najua ni nani aliyeuza pikipiki yake ili nilipe ada ya mtihani wa uhasibu. Wewe hukulitaja kwenye barua yako, na wala hujawahi kulitaja. Nalitaja mimi, ili ujue sijasahau. Kwa sababu hiyo hiyo sitaki jina lako liwe juu ya karatasi yenye uongo, hata uongo mdogo wa njano.

Sasa niambie: mtu mmoja anapataje faini thelathini na moja?

Mdogo wako,
Kalamu

N.B. Sijakonda. Picha ilipigwa kwa ubavu.


Jumatatu, 17 Machi

Kalamu,

Nimesaini. Nilinuna kwanza siku mbili. Wifi yako kaniuliza kama ninaumwa jino.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kukujibu. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekufundisha kutomtia mtu ndani ya lifti ambayo hujaijaribu mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi, ukanishikia tochi. Sasa umekuwa mkaguzi wangu. Haya, mtoto umleavyo.

Umeuliza zimetoka wapi. Mtu akikwama ndani ya lifti hahesabu dakika, anahesabu pumzi. Mwezi wa kwanza mama mmoja alikwama na mapacha wachanga, umeme umekatika, feni imezima, joto humo ndani la kuokea. Niliacha gari katikati ya njia, mlango wazi. Nilipotoka na wale watoto, mmoja kila mkono, karatasi ya njano ilikuwa inapepea kwenye kioo. Askari wa maegesho kaniangalia, kaangalia watoto, kasema, "Pole fundi, nimeshaiandika." Sikumlaumu. Naye ana kitabu chake cha kujaza.

Ndivyo zilivyo. Nyingine ziache kama zilivyo, hazina maelezo.

Kaka yako,
Fundi


Jumatatu, 24 Machi

Shikamoo kaka,

Ritani imepokelewa, ahsante kwa kusaini. Najua ilikuwa chungu, na nimekuheshimu zaidi kwa kutonijibu yale makali.

Nimekaa na karatasi zako za njano na daftari lako la kazi, bega kwa bega. Tisa zinalingana na wito wa dharura: saa ile ile, jengo lile lile, mtu kakwama ndani. Hizo haziwi gharama, lakini zinaweza kufutwa kabisa. Halmashauri inaruhusu pingamizi kwa gari lililoegeshwa ili kuokoa watu, mradi kuna ripoti. Nimezijaza fomu tisa. Mama wa mapacha tumemtafuta na amekubali kuandika ushahidi. Kasema hata angeambiwa aandike kitabu angeandika.

Zimebaki ishirini na mbili. Kaka, hizo ishirini na mbili zote ni za mtaa mmoja. Nyumba namba ile ile. Jumatatu na Alhamisi, kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Kwenye daftari lako hakuna kazi hata moja huko tangu Oktoba. Hakuna ankara, hakuna kipuri.

Mimi ni mdogo wako, si adabu kukuuliza. Lakini wifi ananiandikia kwamba unatoka nyumbani mapema sana siku hizo mbili na kusema "kazi". Una mtu? Kama una mtu, niambie mimi kwanza, kabla hajaniambia mwingine. Na kama ni hivyo, basi usiniletee faini za mapenzi niziweke kwenye hesabu za lifti!

Nimejaribu kulifanya mzaha. Silioni kuwa mzaha.

Zikija nyingine, nitumie na maelezo.

Kalamu


Alhamisi, 3 Aprili

Kwa dada yake Fundi,

Salamu. Hunijui, ila kaka yako hunitajia garini dada yake mhasibu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Nakuandikia nikiwa nimelala, mkono mmoja umefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Zamani ungekuwa wa kusifiwa.

Nimekosea jambo, na kwanza naomba radhi. Leo asubuhi ndani ya gari la kaka yako nilichukua bahasha ya kaki kwenye kiti, nikidhani ni ya vyeti vyangu vya hospitali. Vyangu vimebaki kwake. Nilipoifungua nikakuta karatasi nne za njano na barua isiyomalizika yenye anwani yako. Barua ina mistari miwili tu: "Kalamu, sina mtu. Usiniulize tena, kwa sababu nikikwambia utasema niache, na mimi siwezi kuacha."

Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Tarehe nne, zote Jumatatu na Alhamisi, zote mlangoni kwangu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Basi mimi ndiye huyo "mtu". Nina miaka sabini na moja, figo zangu zimekataa kazi, na ninakaa ghorofa ya sita. Mara mbili kwa wiki lazima nifike hospitali saa moja kamili, la sivyo kitanda anapewa mwingine. Mwezi wa kumi bodi ya umeme ya lifti yetu iliungua. Mwenye jengo akasema bodi mpya ni gharama asiyoiweza, akavunja mkataba na kaka yako. Kaka yako akaja kuchukua vifaa vyake. Akanikuta nimekaa ndani ya lifti iliyokufa, mkoba magotini. Hakuna aliyeniambia kwamba imekufa moja kwa moja. Nikamuuliza, "Fundi, leo tunashuka?"

Akaweka vifaa vyake chini. Kisha akasema, "Tunashuka, Mwalimu. Ila polepole."

Huenda wewe unajua, mimi sikujua: lifti inaweza kushushwa kwa mkono. Juu ya paa kuna chumba cha mashine. Mlinzi wetu anashika mkono wa breki, na kaka yako anazungusha gurudumu la chuma. Nilidhani kushuka ni rahisi, kitu huanguka chenyewe. Akanieleza kwamba upande wa pili wa kamba kuna chuma kizito, na lifti yenye mtu mmoja mwembamba kama mimi ni nyepesi kuliko chuma hicho, kwa hiyo lifti yangu inataka kwenda juu tu. Kunipandisha ni kuizuia isikimbie. Kunishusha ndiyo kazi. Dakika arobaini, dada yangu. Inateremka kiganja kwa kiganja. Mimi nakaa kwenye kigoda, nasikia chuma kikilia juu yangu, na kila nikipita ghorofa nagonga ukuta mara moja, mlinzi amwambie kwamba bado ni mzima. Kisha anashuka ngazi zote mbio, ananipeleka hospitali kwa gari lake, na jioni anarudi kunipandisha.

Nilimuuliza mara nyingi kuhusu malipo. Alinijibu kwamba mwenye jengo anamlipa. Nilimwamini. Mimi, niliyewakamata wanafunzi elfu moja wakinakiliana!

Je, faini hizi haziwezi kuingizwa kwenye gharama zake? Nijibu mimi, si yeye. Usimwambie nimeandika.

Mwalimu


Jumatano, 9 Aprili

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena.

Nianze na swali lako, kwa sababu wewe ni mtu wa hesabu na hutaki kubembelezwa. Haziwezi. Faini haiwi gharama ya biashara, na hizi ni mbali zaidi, kwa kuwa kazi hiyo hata si biashara. Hakuna ankara, hakuna mteja. Kwenye vitabu vyangu hakuna safu ya mtu anayezungusha gurudumu dakika arobaini bila kulipwa. Nimeitafuta. Nimeona aibu kwamba haipo.

Aibu kubwa zaidi ni yangu mwenyewe. Nilimshuku. Nilimwandikia maneno ambayo mdogo hamwandikii kaka yake. Na yeye akaona heri nimdhanie mzinzi kuliko nikuone wewe kuwa mzigo.

Nikuulize moja tu: mwenye jengo anaitwa nani, na anapatikana wapi? Na wapangaji wa juu, wapo au wamehama?

Tafadhali usifanye lolote kwa haraka. Kaka yangu hajui kwamba najua.

Mdogo wake Fundi


Jumatatu, 14 Aprili

Kalamu,

Nani kamwambia Mwalimu habari za faini? Usinijibu kwa ujanja. Mimi ninajua bahasha ilikwenda kwake na vyeti vyake vikaja kwangu, lakini nilidhani ni mtu wa heshima asiyefungua barua za watu. Kumbe ni mwalimu. Walimu hufungua kila kitu.

Sikiliza kilichotokea Alhamisi. Nimefika saa kumi na mbili kasoro. Mlinzi yuko getini, macho yamemtoka. "Fundi," anasema, "Mwalimu kashuka."

"Kashuka na nini?"

"Na miguu."

Nikapanda ngazi tatu tatu. Nimemkuta ghorofa ya pili, kwenye kona ya ngazi, amekaa juu ya mkoba wake. Uso umekuwa wa majivu, viatu amevivua amevishika mkononi. Alianza kushuka saa kumi na moja. Ngazi mia moja na nane zote alikuwa amezihesabu. Alikuwa amebakiza thelathini na sita.

Nikamwambia, "Mwalimu, unataka kuniua?"

Kaniambia, "Nataka uache kulipa faini kwa ajili yangu."

"Nani kasema nalipa?"

"Karatasi nne za njano. Na kuna nyingine. Nimepiga hesabu. Tangu Oktoba, ukitoa siku za sikukuu, hazipungui ishirini."

"Ishirini na sita na hizo nne," nikasema, kabla sijajizuia.

Akacheka, Kalamu. Amekaa pale hana pumzi, anacheka. "Sikukosea sana," anasema. Halafu akaanza kulia, na mimi sijui kumbembeleza mtu mzima, nikakaa ngazi ya chini yake nikamngoja.

Alipotulia nikamwambia ukweli. Nikamwambia mimi kazi yangu miaka ishirini na saba ni kupandisha na kushusha watu nisiowajua, wanaingia, wanatoka, hakuna anayetazama juu kuuliza nani anaishikilia kamba. Yeye peke yake ndiye aliyewahi kuniuliza, "Leo tunashuka?" Alisema tunashuka. Alituhesabu wawili. Nikamwambia, basi hata nifungiwe gari mnyororo, tunashuka.

Akasema, "Nibebe basi, tutachelewa."

Nikambeba mgongoni ngazi thelathini na sita. Ni mwepesi kuliko kisanduku changu cha vifaa. Tulifika hospitali saa moja na dakika nne, na muuguzi alikuwa amekizuia kitanda kwa kukikalia.

Nilipomtoa getini kwake nilikuwa nimekuta faini nyingine kiooni. Ya ishirini na saba. Sijaituma.

Sasa umeshajua. Ukisema niache, barua zako sitazifungua.

Fundi


Ijumaa, 18 Aprili

Shikamoo kaka yangu,

Sisemi uache.

Nisamehe kwa barua ya tarehe ishirini na nne. Nimemwandikia wifi pia. Kanijibu kwamba alikuwa anajua tangu Novemba. Uliporudi na viganja vimechubuka alikufuata siku moja, akakuona, akarudi nyumbani kimya. Ndiye anayekupaka mafuta mikononi kila Jumapili. Ulidhani kwa nini? Mimi niliyesoma ndiye niliyekuwa wa mwisho kuelewa.

Sasa nisikilize kama mhasibu. Faini zako ishirini na saba sitaziweka popote, na wewe hutaniomba tena. Zilipe mwenyewe. Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sheria ile ile inayokataa faini inakubali matengenezo. Kitu kilichokuwepo kwenye jengo, kikaharibika, mwenye jengo akakitengeneza kirudi kilivyokuwa, hiyo ni gharama halali ya biashara yake ya kupangisha, na inapunguza kodi yake. Nimepata jina lake kwa Mwalimu. Nimemwandikia, kwa heshima, nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba bodi ya lifti haikubaliki kwenye gharama za kodi. Nimemwekea na vifungu vya sheria. Nikamwongezea kwamba nyumba tatu za ghorofa ya tano na ya saba ziko tupu tangu Desemba, kwa sababu wapangaji hawataki ngazi. Hiyo Mwalimu ndiye aliyenihesabia, kutoka getini jioni akirudi, kwa taa zisizowaka.

Sikumtaja yeye wala wewe. Nilimwomba jambo moja tu: kabla hajanijibu, apande hadi ghorofa ya sita kwa miguu akaone hali ya jengo lake.

Kaka, huwa nawaambia watu kazini kwamba nina kaka fundi. Nilikuwa nasema kwa kifupi, kama mtu anayetaja anwani. Juzi nilisema, wakaniuliza fundi wa nini, nikaongea mpaka chai ikapoa.

Kalamu


Jumatatu, 12 Mei

Kalamu wangu,

Kaa kwenye kiti kwanza.

Mwenye jengo alikuja. Alikuja Alhamisi ya wiki ya kwanza, asubuhi, na barua yako mfukoni. Ni mtu mnene, si mbaya, ila amezoea kuliona jengo lake kutoka ndani ya gari. Alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa. Alipofika ya sita hakuweza kusema. Mwalimu alikuwa mlangoni na mkoba, mimi na mlinzi tukiwa juu tayari. Akamkalisha kwenye kigoda chake, akampa maji.

Aliporudiwa na sauti akauliza, "Mama, wewe unashukaje?"

Mwalimu akamwambia, "Kwa mikono ya mtu."

"Mtu gani?"

"Panda juu ukamwone."

Akapanda, Mwalimu naye akaingia ndani ya lifti, akagonga. Mimi nilikuwa nimeinamia gurudumu, sikumsikia, sikio lenyewe unalijua. Mlinzi naye hakuthubutu kuachia breki. Mwenye jengo kasimama mlangoni pa chumba cha mashine dakika zote arobaini. Nilipogeuka kufuta jasho nikamwona, kofia mkononi. Alitoa leso akanipa.

Jioni ile akanipigia, mke wangu akapokea kwa niaba ya masikio yangu. Bodi imeagizwa. Mkataba umerudi. Nimemwambia bei yangu ya kawaida, sikumwongezea na sikumpunguzia. Akaniuliza kwa ile miezi saba ninamdai kiasi gani. Nikamwambia hiyo haikuwa kazi yake, na mtu hawezi kunilipa kazi ambayo hakunituma.

Zile tisa zimefutwa, barua ya halmashauri hii hapa, iweke kwenye faili. Zile zilizobaki nimekwenda kuzilipa mwenyewe dirishani. Mlipaji wa mbele yangu alikuwa anagombana na karani. Ilipofika zamu yangu nikaweka karatasi zote, karani akaniuliza, "Mzee, una pingamizi lolote?" Nikamwambia sina. Nilivunja sheria nikijua, na ningeivunja tena. Akanitazama kama nimechanganyikiwa, akagonga muhuri.

Ulikuwa na haki tangu barua ya kwanza. Nilitaka uzifiche kwenye mafuta ili nisizione. Ungekubali, zingelala humo, na Mwalimu bado angekuwa anateremka kiganja kwa kiganja. Sijui kukusifu kwa maandishi. Nimemwambia fundi mwenzangu kwamba mdogo wangu akisema hapana, ujue kuna mlango mwingine anautafuta. Hilo litoshe.

Fundi


Jumamosi, 14 Juni

Kalamu,

Lifti inakwenda wiki ya tatu sasa, nimeijaribu mwenyewe mara thelathini kabla ya kumruhusu mtu kuingia. Nakuandikia kwa sababu ya jambo dogo la jana, na sina mwingine wa kumwambia ambaye hatanicheka.

Jana Ijumaa, saa nne, nilikuwa sokoni naangalia lifti ya mizigo ya ghala. Nimechuchumaa mlangoni, kichwa kimo ndani ya shimo, watu wanapita nyuma yangu. Nikaona miguu ya mama mtu mzima imesimama karibu, viatu vya kijani. Nikaamkia bila kuinua uso, kama unavyomwamkia yeyote.

"Shikamoo mama. Pita tu, hapa pana grisi."

"Marahaba," akasema. "Siku hizi hunijui?"

Nikainua kichwa. Wallahi, Kalamu, sikumtambua. Nilimtazama usoni, mtu niliyemshusha na kumpandisha miezi saba, nikawa natafuta jina. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Mimi Mwalimu nimemwona lifti ikifunguka, nimemwona ndani ya gari langu na kwenye kitanda cha hospitali. Hata siku moja sikuwahi kumwona akienda mahali alipotaka yeye.

Nikasimama, mikono michafu sijui niiweke wapi. "Mwalimu! Leo si siku yako ya hospitali. Kuna nini? Nani kakuleta?"

"Nimejileta."

"Unakwenda wapi?"

Akatazama upande huu wa soko, akatazama na ule, watu wamejaa, jua limewaka.

"Bado sijaamua," akasema.

Akajitanda vizuri khanga yake, akaenda. Anatembea polepole, anasimama kwenye kila meza, anashika vitu na kuvirudisha. Mwenye ghala akaniita mara mbili, mara ya tatu akaja kunigusa bega. Nilikuwa bado nimesimama pale, nikimwangalia Mwalimu, mpaka akakata kona na watu wakamfunika.

Kaka yako